Kijiko cha Kimya

Katika nyumba ile, haki ilitembea na mkasi mkononi na utepe wa kupimia shingoni. Ndiyo bibi mwenyewe, mshonaji, mama mzaa baba wa wale pacha. Mkate aliugawa kwa utepe. Soda aliigawa akiwa amefumba jicho moja. Na siku mjukuu mmoja alipoanguka ngazini akabandikwa plasta gotini, mwenzake naye alibandikwa, goti lilelile, asije akajiona mtoto wa kuokota.

Pacha wenyewe walikuwa wasichana wa miaka sita, wamefanana kama visahani vya seti moja. Tofauti ilikuwa mdomoni. Mmoja hakuishiwa maneno hata usingizini, wakamwita Kelele. Wa pili alisema pale tu ilipobidi, wakamwita Kimya.

Basi homa ikawashika wote wawili kwa mpigo. Kelele alipiga chafya, akakohoa, kamasi zikamchuruzika, akautangazia mtaa mzima kwamba anakufa. Kimya alijikunyata kwenye kochi, akimeza mate huku amekunja uso. Mama yao, fundi wa kukata vioo vya madirisha, aliomba ruhusa kazini akawakokota hadi zahanati.

Daktari alikuwa binti mwenye viatu vyekundu na subira ya kutosha. Kipimajoto kilisoma karibu sawasawa kwa wote.

"Homa peke yake hainiambii kitu, mama pacha," alisema. "Ni kengele tu. Mwizi akiingia inalia, paka akiingia inalia vilevile. Ngoja tuchungulie."

Kelele alikuwa ameshapanua mdomo kabla ya kuambiwa.

"Kikohozi, mafua, macho mekundu, sauti imekauka..."

"Haijakauka!" alisema Kelele, kwa sauti iliyokauka.

"Huyu ana virusi. Dawa ya kuua bakteria haiwagusi hata kidogo. Mpe maji mengi, dawa ya kushusha homa, apumzike. Mwili wake utawafukuza wenyewe. Akipumua kwa shida au akilegea, mrudishe mbio."

Kimya hakuwa na kikohozi wala kamasi. Lakini alipofungua mdomo, mafindofindo yalikuwa yamevimba na kutapakaa madoa ya usaha, na chini ya taya tezi zilijitokeza kama njugu. Daktari alimpitisha kijiti chenye pamba kooni, akakitumbukiza kwenye maji ya kipimo, wakasubiri. Mstari ukajitokeza kwenye karatasi ya kipimo.

"Si kila mara mambo huwa wazi hivi," alisema daktari. "Lakini huyu ni bakteria. Dawa hii ni yake peke yake, kijiko kizima asubuhi na jioni, na dozi aimalize hata akipona mapema."

Nyumbani, bibi aliipokea ile chupa ya dawa ya rangi ya waridi, akaigeuzageuza.

"Moja?"

"Moja, mama. Ya Kimya."

"Na huyu anayekohoa mpaka mabati yanatikisika?"

"Maji na dawa ya homa."

Bibi alimtazama Kelele kama mtu anayetazama yatima. Kesho yake mama alirudi kwenye vioo vyake, bibi akabaki na watoto, cherehani na chupa.

Kelele akachangamka, akaanza kuimba. Kimya akawa anarudi nyuma. Homa haikushuka, na sasa hata maji aliyakataa kwa kutikisa kichwa. Mama akaanza kuuogopa ule unyamavu wake. Jioni ya siku ya tatu, aliporudi kazini, alimkuta Kelele anatoka chooni mbio, anarudi chooni mbio, na juu ya mdomo wake kuna masharubu ya rangi ya waridi.

"Wewe, umekunywa nini?"

"Nimekunywa haki yangu," alisema Kelele kutoka nyuma ya mlango.

Mama aliingia chumba cha kushonea bila kubisha. Bibi alikuwa na wateja wawili, mmoja amesimama akiwa na pini mwili mzima.

"Mama, dawa ya Kimya umempa Kelele?"

"Nimegawa. Nusu kwa nusu, hata tone halikuzidi. Jicho langu unalijua."

"Umegawa vizuri sana. Mmoja umemwibia, mwingine umemharisha."

Mteja wa pini alicheka, akajichoma, akanyamaza.

"Mimi mwizi? Mbele ya wateja wangu?"

"Gauni la huyu dada limepasuka kwapani. La mwenzake lina vumbi tu. Utakata kiraka nusu kwa nusu uwabandike wote?"

"La vumbi si linafuliwa!" bibi aliropoka.

"Na lililopasuka?"

"Kiraka kiz..." Bibi aliuma ulimi. Akakanyaga cherehani kwa nguvu, ingawa haikuwa na kitambaa.

Mama alikuwa ameshamtia Kimya mgongoni. Daktari alimkagua upya, akatoa chupa nyingine, akasema wamewahi. "Nusu dozi haiwaui bakteria, inawatania tu."

Safari hii mama alishika kijiko mwenyewe. Bibi alinuna, akawa anakula peke yake mezani kwake kati ya vifundo vya nyuzi, akisubiri kuombwa radhi. Hadi asubuhi moja, Kelele akiwa katikati ya wimbo wake, sauti ikatoka kwenye kochi, nyembamba lakini safi:

"Kelele, funga mdomo. Nina njaa."

Nyumba ikasimama. Bibi alitoka na uzi mdomoni, akamgusa mtoto shingo, akamgusa tena. Ilikuwa baridi. Alifuta macho kwa ncha ya utepe akidhani hakuna anayemwona.

Baba, ambaye siku zote hizo alikuwa amejificha nyuma ya gazeti, akaona mwanya. "Mtoto kapona. Mke wangu, muombe mama radhi, yaishe."

Bibi alinyoosha shingo. "Mbele ya wateja," akakumbusha.

Mama alijaza kijiko cha Kimya mpaka ukingoni, akampa bibi ashike.

"Mama, nguo zote nilizovaa umenishonea wewe, na jicho lako nalihitaji. Mnyweshe Kimya, kizima, hadi chupa iishe. Lakini radhi siombi. Mbele ya wateja siombi, na wakishaondoka siombi."