Mstari wa Kumi na Nne

Mtoto wa tatu alivuka saa nne kasoro robo asubuhi, amelala ndani ya kitanda chake cha joto chenye kuta za kioo, kofia ya sufu imemfunika mpaka kwenye nyusi. Watu wanne walikisukuma kitanda hicho kwenye njia iliyoezekwa inayounganisha jengo la zamani na jengo jipya, wakienda kama watu waliobeba trei la mayai. Nyuma yao alitembea mama yake, msichana mdogo mwenye mfuko wa nailoni mkononi. Jumatatu aliniuliza kama kuna tatizo lolote, nikamwambia, "Hakuna tatizo, mama, Jumamosi saa tatu na nusu mwanao anaondoka." Na kweli aliondoka wodini saa tatu na nusu. Nilisimama mlangoni mwa jengo jipya nikaweka alama ya vema kwenye karatasi: watatu tayari, wanane bado. Tulikuwa mbele ya ratiba kwa dakika mbili, na nakiri kwamba nilizifurahia zile dakika mbili kuliko nilivyomfurahia mtoto.

Kazi yangu ni kupanga. Hospitali ilipoamua kuihamisha wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao, nilipewa miezi minane na chumba chenye dirisha lisilofunguka. Nikaukatakata uhamisho ule vipande mia mbili na kumi na sita: kufunga mabomba ya oksijeni, kupima upana wa milango, kuwafundisha wasukumaji kutokuwa na haraka. Kila kipande nikakipa siku yake na mtu wake. Ukinikuta koridoni ukaniuliza lini, jibu lilikuwa limeshanitoka kabla hujafunga mdomo, ndiyo maana wakaniita Bi Tarehe. Walidhani wananitania. Mimi jina lile nililipenda, nikawa naliitikia hata kwenye simu.

Pamoja na ratiba kulikuwa na jedwali la hatari, kurasa mbili zilizobandikwa ukutani karibu na chumba cha mafundi ili kila mtu asome. Kila hatari ilikuwa na mstari wake. Unajiuliza jambo hilo lina uwezekano gani wa kutokea, unalipa namba kuanzia moja mpaka tano, unajiuliza likitokea litaumiza kiasi gani, unalipa namba nyingine, kisha unazidisha. Kumi na tano kwenda juu ni nyekundu, chini ya sita ni kijani. Mstari wa kumi na nne ulisema: jenereta mpya kushindwa kubeba mzigo wa wodi umeme ukikatika. Uwezekano nne, athari tano, ukizidisha ishirini, nyekundu ya kuumiza macho. Umeme wetu hukatika mara mbili tatu kwa wiki, na jenereta ile ilikuwa imewashwa ikanguruma vizuri tu, lakini haikuwa imewahi kubeba hata feni.

Sasa niseme nilichokifanya, maana nimechoka kukizunguka.

Jumanne ya wiki ya mwisho mkurugenzi aliita kikao. Mkurugenzi wetu si mtu mbaya. Ni mtu anayependa mambo yaonekane yamekwisha. Alilitazama jedwali, akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na nne.

"Bi Tarehe, nyekundu ni habari ya mwezi wa kwanza," alisema. "Wiki ya mwisho sitaki kuiona mezani kwangu. Jumamosi nina wageni."

Kipimo cha mzigo kilikuwa kimepangwa kesho yake, Jumatano. Nikajiambia kwamba kesho kitafanyika, kitafaulu, na mstari utakuwa kijani kwa haki. Kuna ubaya gani kuutangulia kwa siku moja? Palepale mezani nikafuta nne nikaandika moja. Moja mara tano ni tano. Mkurugenzi akatabasamu, na jioni nikabandika karatasi mpya ukutani. Kuna jambo nilipaswa kulijua baada ya miaka kumi na moja ya kazi hii: mstari mwekundu watu huuzungumzia mpaka kwenye foleni ya chai, lakini mstari wa kijani hausomwi tena na mtu yeyote, hata aliyeuandika.

Aliyepaswa kukifanya kipimo kile ni fundi mkuu wa umeme, naye ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Ni fundi hasa, mkono wake haubahatishi, ila moyo wake ni mwepesi kuumia. Mwezi uliotangulia nilimtaka aweke saini kwa kila kazi aliyomaliza, na jioni hiyohiyo dada akanipigia simu. "Mume wangu unamfanya mwanafunzi? Neno lake halikutoshi?" Tangu hapo nikawa namuuliza mambo ya kazi kwa kuzunguka, kwa utani, na mara nyingi simuulizi kabisa. Jumatano ikapita. Alhamisi tulipishana kwenye ngazi. "Shemeji, mambo yako sawa?" aliniuliza. "Sawa kabisa," nikamjibu. Tukaachana tumeridhika, yeye akipanda na mimi nikishuka.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka Jumamosi ile, mtoto wa tatu alipokwisha kuingia, shemeji alipokuja pale mlangoni akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Shemeji, hivi kile kipimo cha mzigo mlikifanya na nani? Na wale waliotuuzia jenereta?"

Nilimtazama. "Si ulikifanya wewe, Jumatano?"

"Jumatano mimi nilitolewa huku, nikapelekwa kufunga taa za mapokezi kwa ajili ya wageni. Amri ya mkurugenzi. Nikasema basi, nitakifanya Alhamisi asubuhi. Alhamisi napita ukutani, naona mstari umeshakuwa kijani." Akacheka kidogo. "Nikajua umeleta watu wengine. Nikasema Bi Tarehe huyo, hamsubiri mtu."

Kicheko chake kilikatika alipoona uso wangu. Yeye aliiamini karatasi yangu, nami niliuamini ukimya wake, na kati yetu hakuna aliyekwenda kuitazama mashine.

Saa saba mchana mafundi wa laini wangekuja kuukata umeme wa jengo la zamani, pamoja na jenereta yake kuukuu, ile inayotoa moshi mweusi na ambayo haijatuangusha hata siku moja. Baada ya hapo pasingekuwa na pa kurudi. Vitanda vilikuwa na betri za dakika ishirini, za kuvukia tu. Na mtoto wa nne, aliyekuwa akiandaliwa dakika ileile upande wa pili, ndiye pekee kati ya kumi na mmoja aliyekuwa akipumuliwa na mashine.

Natamani ningeweza kusema kwamba niliwafikiria watoto kwanza. Sikuwafikiria. Nilifikiri kwamba huenda umeme usikatike leo. Kisha nikafikiri kwamba hakuna atakayejua. Shemeji asingenisema, maana na yeye angeulizwa. Tungeweza kukifanya kipimo Jumapili kimyakimya, na mstari ungebaki na rangi yake. Kichwa changu kikaanza kupiga hesabu ya uwezekano, na namba iliyonijia ilikuwa moja, ileile niliyoiandika kwa mkono wangu ili mtu mmoja atabasamu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niligundua kwamba nilikuwa nimeanza kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Kwenye ukurasa wa pili wa mpango niliandika kanuni kwamba mtu yeyote, awe daktari au mfagizi, akisema "simama", kila kitu kinasimama hapohapo. Tulifanya mazoezi matatu kwa vitanda vitupu na hakuna aliyelitamka neno hilo. Wasukumaji waliligeuza mzaha. Mmoja alikuwa akimwambia mwenzake simama kila walipokaribia kantini.

Kitanda cha nne kilikuwa kimeshaingia njiani. Mbele yake alikuja sista mkuu wa wodi, mwanamke wa maneno machache, saa yake ndogo imebanwa kifuani, kiganja kimoja juu ya kioo. Mkurugenzi alitembea kando yao akitazama simu.

"Simameni," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Magurudumu yakanyamaza. Kilichosikika ni ile mashine ndogo tu, ikivuta na kusukuma.

"Kuna nini?" sista aliuliza. Kiganja hakukiondoa.

"Jenereta ya huku haijapimwa na mzigo."

"Imepimwa," mkurugenzi alisema. "Nimeona kwenye jedwali lako. Ni kijani."

"Nilikipaka mimi hicho kijani, kabla ya kipimo. Kipimo hakikufanyika."

Mkurugenzi akaishusha simu. "Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Ulisema hutaki nyekundu, na mimi nikataka kukupendeza. La kwanza ni lako, la pili ni langu."

Akanisogelea, akateremsha sauti. Hakuwa na hasira bado, alikuwa akibembeleza. "Wageni wako getini. Umeme upo, unauona. Tuwavushe kwanza, kipimo kifanyike mchana."

"Mchana watakuwa ndani."

"Unajua unachojifanyia?"

Nilijua. Nina mkataba wa kuongezwa kila mwaka, na mwaka ulikuwa unakwisha. Sista mkuu alinitazama kwa muda ambao sikuweza kuupima. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Badala yake akawageukia wasukumaji.

"Turudi," alisema. "Na wale watatu nao warudi. Taratibu hivihivi. Hakuna kukimbia."

Iliwachukua dakika hamsini. Sikuwa na karatasi ya safari ya kurudi, kwa kuwa sikuwahi kuipanga, kwa hiyo nilishika milango. Mama yule kijana alipita mbele yangu tena na mfuko wake wa nailoni, akanitazama.

Saa tano tulikuwa kwenye wodi mpya: mimi, sista mkuu, mkurugenzi. Sista alikuwa ameagiza vitanda vyote vya joto vya akiba viletwe kutoka stoo na vya wodi ya wazazi viazimwe, vikatimia kumi na kimoja, akaviwasha kimoja baada ya kingine. Akawasha pampu za oksijeni, taa, viyoyozi, hata birika la chumba cha wauguzi. "Siku ya kazi itakuwa hivi," alisema. Shemeji alikuwa chini kwenye swichi kubwa. Nilimpigia simu, nikamwambia akate.

Mvumo wote ukafa. Taa zikazimika, ukabaki mwanga wa dirishani juu ya magodoro yasiyo na mtu. Sista aliishika saa yake kwa vidole viwili akahesabu kwa sauti ya chini. Alipofika tisa, kule nje jenereta ikaamka, na wodi nzima ikawaka.

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Haya," alisema. "Umeona? Saa nzima tumepoteza, na wageni nimewaacha juani."

Nilifurahi kwamba mashine ni nzima, na papo hapo nikaona aibu ninayoikabili, ya mwanamke aliyepiga kelele bure. Nilifungua mdomo kuomba radhi.

"Ngoja," sista alisema. Hakuwa ameinua macho kwenye saa. "Hamsini na tatu. Hamsini na nne."

Alipovuka dakika moja, sauti ya jenereta ikabadilika. Ilianza kuwa nzito, ikapanda, ikashuka, kama mtu anayepandisha gunia ngazini na pumzi zimemwishia. Taa zikafifia, zikarudi, zikafifia tena. Sekunde ya sabini na mbili ikazimika, na vitanda vyote kumi na kimoja vikaanza kulia king'ora kwa pamoja, vitupu. Hakuna aliyesogea kwenda kuvizima. Mkurugenzi alikuwa amesimama katikati ya mistari miwili ya vitanda, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutazama simu ilipoita.

Shemeji alikuja juu akihema, shati limelowa. "Haibebi," aliniambia mimi, si mkurugenzi. "Shemeji, haibebi kabisa." Kisha akachukua kalamu mfukoni mwangu bila kuomba, akaomba karatasi ya kuweka saini.

Niliwapigia simu mafundi wa laini wasije, kisha nikatoka nikapitia chumba cha mafundi. Jedwali lilikuwa ukutani, safi, kurasa mbili za kijani zenye manjano hapa na pale. Kwenye mstari wa kumi na nne nikaikata ile moja nikaandika tano. Kwenye kisanduku cha mwisho, cha mtu anayebeba hatari hiyo, palikuwa pameandikwa "wote". Nikakata hapo pia, nikaandika jina langu, lile la kwenye kitambulisho. Ilinibidi nikandamize kalamu mara mbili ndipo wino ukatoka.

Katika jengo la zamani watoto walikuwa wamesharudishwa kwenye pembe zao, na rangi ilikuwa ikibanduka ukutani kama jana. Mama yule alikuwa kwenye benchi la koridoni, mfuko juu ya mapaja, hajaufungua.

"Dada," aliniita. "Kuna tatizo?"

"Lipo, mama," nikasema. "Ndiyo maana tumemrudisha."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Kwa mbali jenereta kuukuu ilianza kunguruma. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, na taa juu yetu zilipepesa mara moja tu zikatulia.

"Sasa atahama lini?" aliuliza.

Nilisikia jibu likija kwa mazoea, siku na saa yake. Nikalimeza.

"Sijui bado," nikamwambia.

Akausogeza mfuko wake kidogo, nikaketi.