Ajali za Barabarani

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mfuaji mmoja aliitwa Kamanda. Jina hilo alilipatia kwenye simu. Tangu maandamano na vurugu zianze nchini kwao, kila asubuhi aliliwasha kundi la ndugu la simuni: "Msirudi nyuma! Sisi huku tuko nyuma yenu!"

"Nyuma kweli," mkunja mashuka alimtania. "Bahari mbili nyuma."

Dada yake, mpiga pasi, alicheka pamoja na wengine. Lakini yeye alimwamini.

Kitinda mimba wao alikuwa muuguzi huko nyumbani. Juzi alimtumia dada yake ujumbe wa sauti, akinong'ona. Hospitali imeamriwa kwamba kila aliyepigwa risasi aandikwe daftarini kuwa amepata ajali ya barabarani. "Nimewapokea kumi na tisa, dada. Mmoja ana miaka kumi na minne. Sisi tumezibwa midomo. Semeni nyinyi."

Kamanda aliusikiliza mara mbili, akafuta machozi kwa ncha ya aproni.

Mpiga pasi ndiye aliyemtafuta mwandishi wa gazeti la wenyeji, naye akakubali kuja wakati wa mapumziko ya mchana. Lugha ya wenyeji aliijua kuliko kaka yake, na angeweza kusema mwenyewe. Lakini kwao, mkubwa akiwepo mdogo hatangulii. Wakapatana: Kamanda aseme, yeye atafsiri.

Wakaketi watatu. Kamanda akakohoa.

"Mwambie nyumbani ni shwari. Ni wahuni wachache tu. Mdogo wetu ni muuguzi, katuambia mwenyewe, majeruhi wote ni wa ajali za barabarani."

Mpiga pasi akamtazama. Kamanda akatazama meza.

"Kaka?"

"Tafsiri."

"Lakini mdogo wetu kasema..."

"Nimesema tafsiri. Mkubwa hapa nani?"

Kinywa cha mpiga pasi kilikuwa kimezoea kutii tangu utotoni. Kikatafsiri, neno kwa neno, mpaka alipoona kalamu ya mwandishi inakimbia karatasini.

"Si kweli!" akamwambia mwandishi. "Mdogo wangu kasema ni risasi." Akatoa simu, akaufungua ule mnong'ono.

Mwandishi akasikiliza lugha asiyoielewa, akamtazama huyu, akamtazama yule. "Nyinyi ni ndugu wa tumbo moja na hamkubaliani," alisema kwa upole. "Nitaandika kwamba taarifa zinatofautiana." Akaaga.

"Wamekupa nini, kaka?"

"Sijapewa kitu! Nimepigiwa simu na mtu wa ubalozi wetu. Anaijua nyumba ninayojenga kwetu, anajua hata kwamba imefika madirishani. Miaka kumi na moja nafua mashuka ya watu, mdogo wangu. Nikae huku nitazame wanavyoibomoa?"

"Ukaona heri umbomoe mdogo wetu."

"Sikumtaja jina."

"Umemtaja kazi yake! Waliolala wodini kwake wakisoma hayo watasema nini? Si watasema muuguzi wao ndiye aliyewauza?"

Kamanda akarudi kwenye mashine, akaanza kuijaza mashuka.

Simu ya mpiga pasi ikalia: ujumbe wa sauti kutoka kwa yule muuguzi. "Dada, mmesema?"

Angeweza kujibu kwamba mwandishi hakutokea. Uongo ule ungempa mdogo wake usingizi wa siku moja. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akasema yote: "Kaka kasema ni ajali. Na mimi nikamtafsiria. Nilipokuja kusahihisha nilikuwa nimechelewa."

Akaona ujumbe umesikilizwa. Jibu likaja kwa maandishi, si kwa sauti kama siku zote.

"Kumbe hata nyinyi."

Mpiga pasi alisimama akiyasoma maneno yale matatu mpaka macho yakamwuma. Pasi ilikuwa moto, mashuka yalikuwa rundo, na msimamizi alikuwa akimwita. Akavua aproni, akapanda ngazi mbiombio hadi mapokezi.

"Yule mwandishi," aliuliza akihema, "ametoka kwa mlango gani?"