Maziwa Machungu

Maziwa ya ng'ombe wetu yalipoanza kuwa machungu, mama mkwe hakuhitaji mpelelezi. Alionja, akatema, akanitazama mimi.

"Hizo ndoo zinaoshwa kweli?"

Nilikuwa nikiziosha kwa maji ya moto mpaka mikono ikababuka. Iliniuma sana. Mume wangu naye, kama kawaida yake mama na mke wakigongana, alikumbuka ghafla kwamba baiskeli inataka kutiwa upepo. Wateja wakaanza kurudisha maziwa, na mama mkwe akasema ng'ombe apelekwe kwa mchinjaji. Ng'ombe yule nilipewa akiwa ndama na marehemu baba. Sikuwa tayari achinjwe kwa kosa ambalo si lake wala langu.

Siku iliyofuata nilimfuata ng'ombe malishoni nyuma nyuma, kama mke mwenye wivu. Hakwenda mbali. Alipitisha shingo kwenye uzio wetu, akaanza kutafuna maua meupe ya mama mkwe.

Maua yale! Yalitoka kwenye shada la harusi ya wifi yangu, kitinda mimba aliyeolewa mbali. Shada lilipokauka, mama mkwe alilipukutisha kando ya uzio, yakaota, na kila asubuhi aliyasalimia kabla ya kunisalimia mimi. Nilichuma tawi moja. Majani yake yalikuwa yamechanikachanika kama ya karoti, na vidole vikaanza kuniwasha.

Nililipeleka kwa bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa kata yetu. Hakuhitaji hata miwani.

"Gugu karoti hili. Linatia uchungu kwenye maziwa, linawasha ngozi, linamaliza malisho. Ling'oeni na mizizi yake kabla halijamwaga mbegu, mfunike mikono, kisha mchome moto."

Njia nzima nilipanga maneno yenye pilipili. Nilimkuta mama mkwe uzioni, anayapapasa maua yake. Pilipili ikaniishia.

"Mama, haya ni magugu. Ndiyo yanayoharibu maziwa. Bibi shamba kasema tuyang'oe, tufunike mikono."

Aliendelea kuyapapasa. "Ndiyo yaliyonibakia ya mwanangu."

"Mwanao yupo, mama. Jioni tutampigia simu."

Aliingia ndani. Nikajua amenuna. Mara akatoka, amejifunga kanga kiunoni na mifuko ya plastiki mikononi.

"Unasubiri nini? Mvua imelainisha udongo."

Tuling'oa magugu yote ya uzioni. Mume wangu, ambaye baiskeli yake ilikuwa imeshiba upepo, alipewa kazi ya kuchoma. Yaliota tena, tukang'oa tena. Gugu lile ni bishi, lakini halijawahi kukutana na mama mkwe. Mahali pake tukapanda majani ya ng'ombe, yakashika vizuri.

Asubuhi moja mama mkwe alichukua kikombe cha maziwa, akaonja. Hakutema. Alikunywa mpaka tone la mwisho, kisha akanipokonya ndoo na kuelekea bombani.

"Leo naosha mimi," alisema bila kunitazama.

Ulimi uliniwasha kumuuliza kama zitaoshwa kweli. Nikauzuia, nikaenda kumfungulia maji.