Mikono Nyuma, Chapchap!

Fundi wa viti vya magurudumu ambaye watu walimpa jina la Chapchap kwa wepesi wa mikono yake, alikuwa na hamu moja iliyomkaa rohoni miaka nenda rudi: kuvuka bahari, afike nchi zilizotoka vitani, akatengeneze viti vya watu waliopoteza miguu. Bila mshahara, apate tu pa kulala na cha kula. Watoto walishaoa na kuolewa, mgongo ulikuwa bado unakunjika, na dunia, kama alivyopenda kusema, ilikuwa inamalizika yeye hajaiona.

Kwa hiyo shirika moja la kupeleka mafundi wa kujitolea ng'ambo lilipomwita kwenye majaribio, alikwenda na shati alilovaa kwenye harusi ya binti yake. Wakampa gurudumu lililopinda na karani wa ofisini asiyejua spana wala koleo, wakamwambia, "Mfundishe." Chapchap akalinyakua gurudumu, akalizungusha, akakaza spoki hapa, akalegeza pale. Karani hajamaliza kukunja mikono ya shati, rimu imeshanyooka kama rula. Chapchap akatoka kifua mbele, na njiani akaanza kuwaaga majirani.

Jibu likaja kwenye simu. Wanamshukuru, wanamtakia kila la heri, safari hii hawakumchagua.

Jioni ile hakula. Alilala chali akiikodolea macho dari. Mkewe, ambaye kazi yake kwenye karakana yao ilikuwa kupokea wateja na kuwapigisha soga wakisubiri, akaja kusimama mlangoni.

"Baba watoto, umefiwa?"

"Afadhali ningefiwa. Aliyefiwa hupewa pole. Mimi nimeshawaaga watu, mama! Kesho nipite njia gani?"

"Pita ileile. Wakicheka, cheka nao. Halafu hao waliokukataa wapigie simu, uwaulize sababu. Hiyo dari itakujibu nini?"

Chapchap aliona haya, kama mtu anayerudi kubisha hodi pale alipofungiwa mlango usoni. Lakini akapiga. Akapokea mama msimamizi wa majaribio, ambaye siku ile alikuwa amekaa pembeni akitazama.

"Mama, lile gurudumu halikupona?" akauliza.

"Lilipona, baba. Karani ndiye hakupona. Aliingia hajui kitu, akatoka hajui kitu. Wewe huko utakaa miezi tu, na viti vitaendelea kuharibika ukishaondoka. Tunataka uache watu wanaojua."

"Na nikijifunza kufundisha?"

"Tutafanya majaribio mengine mvua zikikatika. Njoo."

Maneno yale yalimwingia. Akawakumbuka wote waliokuja kujifunza kwake wakaingia mitini. Siku zote aliwaita wavivu. Kumbe masikini walichoka kuutazama mgongo wake.

Kulipokucha akamkabidhi mkewe ufunguo wa spoki. "Leo fundi ni wewe."

"Mimi? Mtu uliyenikataza hata kushika msasa?"

"Hiyo ndiyo sababu."

Gurudumu la siku hiyo lilikuwa la mteja wao wa zamani, mwamuzi mstaafu wa mpira wa miguu, aliyeketi kwenye kiti cha akiba akisubiri. Mke wa Chapchap akakaza spoki ya kwanza iliyomjia mkononi. Rimu ikazidi kupinda. Mkono wa Chapchap ukaruka wenyewe kama panzi.

"Faulo!" akafoka mwamuzi. "Mikono nyuma, Chapchap! Ukigusa tena nakutoa nje."

"Analiharibu gurudumu lako, mzee mwenzangu!"

"Si langu? Mwache aliharibu."

Chapchap akafunga mikono nyuma, na hapo ndipo alipogundua kwamba mdomo wake haukujua kazi hata chembe.

"Kaza kidogo," akasema.

"Kidogo kama nini?"

"Kidogo tu, mke wangu. Kidogo si kidogo?"

"Kidogo kama chumvi ya yai, au kama chumvi ya sufuria la wageni?"

Mwamuzi akacheka mpaka akakohoa. Vidole vya Chapchap ndivyo vilivyojua, na havikuwahi kumwambia. Ikabidi ayatafute maneno mojamoja, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani.

"Lizungushe kwanza. Shikilia kidole karibu na rimu, kisitikisike. Linakugusa wapi?"

"Hapa. Linakimbilia kushoto."

"Basi spoki za upande gani zitalivuta lirudi?"

Mkewe akatazama. Akatazama tena. Chapchap akauma mdomo, jasho linamchuruzika shingoni.

"Za kulia," mkewe akasema polepole. "Nikaze za kulia!"

Jua likapanda, likateremka. Gurudumu likanyooka, si kama rula, lakini lilipita bila kugusa breki. Mwamuzi akahamia kwenye kiti chake, akauzunguka ua mzima huku akipiga mbinja. Tangu siku ile wateja wengine wakaanza kuuliza, "Fundi mama yupo?"

Mvua zikakatika. Chapchap akarudi kwenye majaribio, roho mkononi. Mama msimamizi akavua saa, akaketi mbele ya gurudumu. "Leo mwanafunzi ni mimi."

Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Aliangusha ufunguo, akajipaka grisi shavuni, akakaza palipotakiwa kulegezwa. Mwishowe akasukuma gurudumu pembeni. "Nimeshindwa, baba. Nionyeshe mara moja tu, nitaelewa."

Vidole vya Chapchap vikamwasha. Sekunde chache tu, na aibu yote ya watu wawili ingekwisha. Akavikunja nyuma ya mgongo.

"Hujashindwa, mama. Lizungushe tena. Linakugusa wapi?"

Akalizungusha. Akakunja uso, akakaza, akalegeza, akarudia. Ghafla rimu ikapita laini, haikugusa kitu. Mama wa watu akaruka kutoka kitini, "Nimeweza! Njooni muone, nimeweza!" mpaka makarani wakachungulia mlangoni. Kisha akamgeukia.

"Nilikuomba msaada ukaninyima."

"Nimekusaidia sana, mama. Huoni shati lilivyolowa?"

Akacheka, akampa mkono wenye grisi. "Shughulikia pasipoti, mwalimu."

Mwalimu! Chapchap alitoka pale hajui anakanyaga wapi. Akampigia mkewe.

"Mama watoto! Wamenichukua! Naondoka!"

"Hongera, mume wangu, nimefurahi mpaka basi! Ngoja nitakupigia, nina gurudumu la mtu mkononi." Simu ikakatwa.

Chapchap akaitazama ile simu, akaangua kicheko pale barabarani. Muuza magazeti akamkodolea macho, na Chapchap, asiyemjua wala kujuliwa naye, akamshika bega akaanza kumsimulia tangu mwanzo.