Siku Mwalimu Adinani Alipoacha Utani

Kikao cha wazazi wa darasa la pili kilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Mama yupo Bukene, anauza chakula karibu na stesheni, anarudi kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kwenye kikao cha mdogo wangu Idrisa akaenda bibi. Mimi niko darasa la sita shule hiyo hiyo, nikaombewa ruhusa nikae naye, kwa sababu macho yake yana ukungu. Hospitali ya Kitete wamempangia upasuaji wa macho mwezi wa saba. Karatasi zikitolewa lazima kuwe na mtu wa kumsomea.

Sikutaka kwenda. Nilikaa nyuma ya bibi kwenye dawati la watoto wadogo, magoti yamenifika kidevuni.

Anayefundisha darasa la pili ni Mwalimu Adinani. Ni Mzaramo wa Kisarawe, na bibi yangu Mwanahawa ni Mnyamwezi, basi hao ni watani. Utani wenyewe ni wa zamani, toka misafara, wakati Wanyamwezi wanatembea mpaka pwani na mizigo kichwani na kupita kwa Wazaramo. Wakikutana hawaamkiani kama watu wengine.

"Mtani, kumbe bado upo?" Mwalimu Adinani alisema bibi alipoingia. "Nilisikia umekufa, nikaanza kutafuta sanda."

"Nife mimi, wewe nani atakulisha? Mzaramo gani anaweza kupika bila nazi?"

"Na wewe huo mkoba uutue basi, msafara umeshafika."

Wazazi wakacheka. Bibi akaenda kukaa kwenye kiti cha mwalimu, akakatalia hapo, mpaka Mwalimu akamwomba msamaha mbele ya watu ndipo akahamia kwenye dawati.

Halafu kikao kikaanza. Mwalimu alisema anataka wazazi wajue mapema watakachokiona mwaka huu, wasije wakashangaa mwezi wa kumi. Alisema madaftari yataisha haraka kuliko darasa la kwanza. Alisema mtoto atarudi nyumbani anasema "mwalimu kasema", na mara nyingi mwalimu hajasema. Alisema kuna wiki mtoto atapata maswali yote na wiki inayofuata atapata mawili, asipigwe, aulizwe.

Baba yake Julieth, Mzee Hilari, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtoto wangu anarudi hana penseli kila siku. Mnazila?"

"Tegemea penseli kumi na mbili kwa muhula, mzee. Zinakokwenda hata mimi sijui."

Kisha akafika kwenye kusoma. Alisema mwaka jana ilikuwa silabi, sasa ni hadithi. Mpaka mwezi wa sita mtoto awe anasoma sentensi bila kuvuta vuta. Mwezi wa kumi kuna upimaji. Mtoto anaitwa peke yake, anapewa hadithi fupi, anaisoma kwa sauti, halafu anaulizwa maswali.

"Siyo hadithi ya kwenye kitabu chake," alisema. "Ni hadithi ambayo hajawahi kuiona."

Hapo nikatamani kutoka nje.

Sababu ni hii. Kila jioni Idrisa anakaa karibu na bibi na kitabu chake cha shule, anasoma, bibi anasikiliza. Anasoma vizuri kabisa, mpaka bibi anamwita "msomaji wangu" mbele za majirani. Lakini kabla ya hapo mimi na Idrisa tunakaa uani, namsomea ukurasa mara mbili, mara tatu. Idrisa ukimwambia kitu mara tatu kimeshakaa. Hata madrasa ustadhi anamsifu. Anaushika ukurasa wote, mpaka pale nilipopumua, kisha anakwenda kwa bibi na kupitisha kidole kwenye mistari kama anaifuata. Bibi haoni kidole kiko wapi.

Ilianza mwaka jana alipougua akakosa shule wiki tano. Aliporudi wenzake walikuwa wameshampita. Alilia sana siku hiyo, nikamsomea ili bibi asimgombeze. Nilijua ni siku moja tu. Kesho yake akaniomba tena.

Mwalimu Adinani akaanza kuita mzazi mmoja mmoja mezani. Wengine walikuwa bado wamekaa, kwa hiyo kila kitu kinasikika. Zamu yetu ilipofika aliongea kwa sauti ya chini.

"Bibi, Idrisa hajui kusoma."

Bibi akacheka. "Afadhali yeye hajui kusoma. Wewe hujui kufundisha."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Bibi, leo sitanii."

"Mmemsikia? Eti hatanii! Mwaka jana alinikuta sokoni, akaniambia nyumba yangu inaungua, akasema hivyo hivyo, bibi sitanii. Nilikimbia na kiatu kimoja mpaka kwangu Mtendeni! Nafika, nyumba imetulia, kuku wananishangaa."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akafuta machozi. Mwalimu Adinani mwenyewe akatabasamu kidogo, na pale alipotabasamu ndipo alipoharibu kabisa. Akajikaza, akatoa karatasi. Alisema Jumatatu anaanza darasa la ziada, saa nane mpaka saa tisa na nusu, kwa wale ambao hawajaweza kusoma. Nafasi ni ishirini, na wenye shida ni thelathini na mmoja. Mzazi asaini, karatasi irudi kesho Ijumaa. Isiporudi nafasi anapewa mtoto mwingine.

"Saa nane mjukuu wangu anakwenda madrasa," bibi akasema. "Jioni ananisomea kitabu kizima. Au siyo, Najiat? Hebu mwambie mtani wangu. Mdogo wako anasoma, hasomi?"

Watu wote wakageuka kuniangalia. Mimi nikiangaliwa na watu wengi masikio yanawaka moto, naona kama nimevaa sare ya mtu mwingine. Nikasema, "Anasoma."

"Umesikia, Mzaramo?"

Mwalimu Adinani aliniangalia. Akampa bibi karatasi, akaita mzazi mwingine.

Wakati wa mapumziko Mwalimu alinikuta bombani.

"Najiat, wewe unajua, siyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi mimi nimeshindwa. Nimemtania bibi yako miaka mitatu. Leo nikimwambia mvua inanyesha, ataangalia juu kwanza. Mama yako namba yake haipatikani toka juzi. Itabidi useme wewe."

Nikasema sawa. Ningesema chochote ili nitoke pale.

Niliporudi nyumbani Idrisa alikuwa ameshakwenda madrasa. Bibi alikuwa kwenye mkeka anamenya karanga. Anauza karanga za kukaanga barazani, anazifunga kwenye karatasi zilizokunjwa kama pembe. Akaniambia nimsomee ile karatasi ya shule. Nikamsomea yote, na jina la Idrisa, na saa, na pale pa kusaini. Alisikiliza vizuri, halafu akasema, "Lete, karatasi yenyewe ngumu, itafaa kufungia."

Akaanza kuikunja.

"Bibi, usiikunje."

"Kwa nini?"

Nilitaka kutoa sababu nyingine, ikatoka ya kweli. "Idrisa hajui kusoma."

"Mzaramo kakupa nini?"

"Hajanipa kitu. Hajui kusoma, bibi. Mimi ndo namsomea kwanza. Namsomea uani, yeye anashika, halafu anakuja kwako."

Bibi aliendelea kumenya. Alimenya karanga nyingi tu, ndipo akauliza.

"Toka lini?"

"Toka alipougua."

"Na asubuhi nilipokuuliza mbele za watu?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

Nilikuwa sijamwogopa mtu yeyote. Nilikuwa nimeogopa tu.

Idrisa alirudi na kofia yake mkononi, anaimba. Bibi akaikunjua ile karatasi, akainyoosha kwenye goti.

"Msomaji wangu, njoo. Shule wameleta barua. Macho ya bibi yako unayajua."

Idrisa akaipokea. Akaniangalia. Ikitokea kitu hatujakisoma pamoja, mimi huwa nanong'ona mstari wa kwanza kama najikuna pua, naye anaendeleza. Alikuwa anasubiri nijikune pua. Nikachukua karanga nikaanza kumenya.

Akaweka kidole mstari wa juu. "Kesho," alisema, "wanafunzi wote waje na fagio."

Karibu kila karatasi inayotoka shule yetu inataka fagio. Hata mimi nisingekuwa najua kusoma ningesema hivyo.

"Endelea," bibi akasema.

"Na jembe."

"Na jembe tena?"

"Kwa wale wenye jembe."

Siku nyingine ningecheka. Bibi hakucheka. Alipapasa akakishika kidole cha Idrisa, akakishikilia pale pale kwenye karatasi.

"Hapa, chini ya kidole chako, pameandikwa nini?"

Idrisa akaondoa macho kwenye karatasi. Akaniangalia tena, safari hii macho yamejaa maji.

"Dada hajaniambia," alisema.

Bibi akamwachia kidole. Idrisa akauliza kama atapigwa.

"Nikupige kwa nini? Umeshika kitabu kizima kichwani, mtoto mjinga anaweza hayo?" Halafu akageukia kwangu. "Wewe ndo ungestahili. Lete kalamu."

Nikamwonyesha pa kusaini. Aliandika jina lake lote, Mwanahawa, kwa herufi kubwa zilizolala, mbili za mwisho zikatoka nje ya mstari. Kisha akajifunga kanga akaenda kwa ustadhi kumwomba Idrisa awe anakwenda baada ya alasiri. Ustadhi akakubali.

Ijumaa asubuhi tulikwenda naye shule. Mwalimu Adinani alikuwa mlangoni anahesabu karatasi.

"Mzaramo," bibi akasema, "leo sitanii."

Mwalimu akamtazama bila kujua acheke au asicheke. Bibi akamnyooshea karatasi, naye akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa ya kumi na nane.

"Mwezi wa kumi atakuwa anasoma?" bibi akauliza.

"Sijui, bibi. Wengine wanawahi, wengine wanachelewa. Jumatatu nitamwanzisha kwenye silabi, na nyumbani asisomewe. Asome mwenyewe, hata kama ni neno moja."

"Neno moja?"

"Hata hilo moja. Msikilize, msimsaidie haraka."

Idrisa hakuongea na mimi mpaka Jumanne. Hata sahani alikuwa anaipokea huku anaangalia pembeni. Jumanne akaniomba kifutio, nikampa.

Sasa ni wiki ya tatu. Jioni bibi anamketisha karibu yake kama zamani, ila mimi natolewa nje. "Najiat, barazani," anasema, na mlango unabaki wazi kidogo. Naketi na ungo wa karanga, nasikia kila kitu. Zamani ilikuwa ukurasa mzima kwa dakika mbili. Jana ilikuwa mstari mmoja, na bibi alimaliza kikombe cha chai kabla mstari haujaisha.

Neno lililomshinda lilikuwa "walichota". Nililijua kwa sababu ukurasa huo niliwahi kumsomea, lakini nadhani kwa kuusoma polepole hivyo hata hakuutambua. Alisema "wa", akasema "wali", akarudi "wa". Nikasikia bibi anakunywa chai. Idrisa akajaribu tena, akafika "walicho", akakwama.

"Dada!" akaita. "Hili ni nini?"

"Dada hayupo," bibi akasema.

Nilikuwa hatua mbili kutoka mlangoni, na Idrisa anajua huwa nakaa hapo. Nikajiziba mdomo kwa kiganja. Kisha nikamsikia Idrisa anaanza tena, "wa".