Niko Hapa Adams

Kenyatta Market, kichwa kimoja husukwa na wanawake wanne. Mmoja hukaa kulia, mmoja kushoto, wawili nyuma, na mwenye kichwa hukaa katikati akisikiliza habari za watu asiowajua, mpaka akiinuka anawajua wote. Siku hiyo Peres alikuwa kushoto, na Veronicah, mwenye kibanda, kulia. Moshi wa nyama choma uliingia na kutoka kama mteja anayeuliza bei tu.

Habari ya kibanda hicho, kwa muda mrefu sasa, ilikuwa Maxwell, mumewe Peres. Maxwell hakurudi nyumbani tangu jengo alilokuwa akifanyia kibarua, barabara ya nyuma ya maduka ya Adams Arcade, lianguke wakati wa masika. Mwenye jengo alisema wafanyakazi wake wote walitoka salama. Maxwell hakuhesabiwa, kwa kuwa kibarua wa mjengo haandikwi popote, huitwa tu langoni asubuhi kwa kunyooshewa kidole. Basi ikasemwa ametoroka. Wenye uhakika zaidi walisema ana mwanamke Kawangware. Kwao, upande wa Siaya, wazee walikataa kuweka matanga bila mwili. Peres alitaka jambo moja tu: aambiwe mume wake yuko wapi. Kama amekufa, ampeleke nyumbani akazikwe. Kama ana mwanamke, pia aambiwe.

Kibanda cha mbele kilikuwa cha Musab, fundi wa simu, ambaye watu wake ni wa Lamu. Chini ya meza yake, karibu na chupa za marashi za mama yake, kulikuwa na kompyuta kuukuu iliyoendesha mtandao wa kijamii. Mtandao huo hauna mwenyewe mmoja. Ni kama nyumba nyingi, kila nyumba na mashine yake, zinazopelekeana habari. Nyumba ya Musab ilikuwa imesajili karibu safu nzima ya wasusi.

"Sasa mbona mimi sioni watu?" Peres aliuliza. "Kuko kimya kama kanisa Jumatatu."

"Hapa hakuna wa kukuletea watu mlangoni, dada," Musab alisema. "Wewe watafuta mwenyewe. Chukua neno ulipendalo, liwekee alama ya reli, hii #, mbele, uone nani mwengine alizungumza. Ukimpenda, umfuate. Kisha tazama yeye anawafuata kina nani."

Veronicah alikuwa tayari anafuata harusi, mapishi, na pasta mmoja wa Kakamega ambaye Veronicah alisema anamfuata kwa sababu ya mapishi. Peres aliweka alama ya reli, akaandika: mjengo. Palitokea mtu wa Eldoret aliyelalamikia bei ya matofali, kisha mwanamke aliyeuza mabati, kisha Maxwell, ambaye andiko lake lilikuwa limesambazwa na yule pasta wa Kakamega.

Picha ilikuwa ile yake ya kofia ya manjano. Alikuwa ameandika: "Leo wameanza kuchimba msingi tena. Vumbi."

"Si huyu ni bwanako?" Veronicah aliuliza bila kuachilia nywele.

"Ni yeye."

Mteja aliomba naye aone, akaonyeshwa. Peres alibonyeza kumfuata, akamwandikia: "Uko wapi?"

Jibu lilikuja kabla hawajamaliza mstari mmoja wa nywele. "Niko hapa Adams. Nakuja."

Wanawake walicheka mpaka kichwa cha mteja kikatikisika. Miaka yote ya ndoa yao, akipigiwa simu, Maxwell alikuwa Adams. Akiwa Dagoretti alikuwa Adams. Akiwa bado kitandani kwa binamu yake alikuwa Adams, karibu kufika. Kuna siku alikuwa Adams na Peres mwenyewe amesimama Adams akimngoja. Peres huuliza, "Adams wapi?" naye husema, "Hapa tu."

"Aki huyu mwanaume," Veronicah alisema. "Anahamia kwa mwanamke mwingine na bado hahami Adams!"

Peres hakucheka. Alibonyeza tena, akaacha kumfuata. Na kwa kuwa katika nyumba nzima ya Musab hakuna mwingine aliyemfuata Maxwell, maneno yake yalikoma kufika Kenyatta Market. Ndivyo mtandao ule unavyofanya kazi. Habari za nyumba nyingine haziji mpaka mtu wa ndani aziite.

Veronicah alivumilia siku chache. Kibanda kilipoa, wateja waliuliza kuhusu yule wa Adams, na yeye hakuwa na la kuwapa. Mwishowe alimfuata Maxwell yeye mwenyewe, kwa faida ya kazi, na asubuhi moja akasoma kwa sauti:

"Jana wamemwaga simiti juu yangu. Mchanga ni mwingi kama mara ya kwanza. Niliwaambia wakati ule, nikaambiwa nibebe karai ninyamaze. Hapa chini mtu husikia ufa kabla haujaonekana."

Peres aliomba simu, akasoma mwenyewe. Alimaliza mstari aliokuwa akisuka, kwa sababu mteja alikuwa na harusi, kisha akaenda kunawa mikono.

"Kumbe alikuwa Adams," Veronicah alisema.

"Mara hii alikuwa," Peres alisema.

Musab aliwaonyesha nyumba ambayo Maxwell aliandikia. Ilikuwa imejaa. Kulikuwa na fundi bomba, fundi wa rangi, na mama aliyekuwa akiwauzia vibarua githeri, wote wamefunikwa na majengo mbalimbali ya jiji, wakifuatana wao kwa wao na kujadili mvua.

"Hii nyumba haina msimamizi," Musab alisema. "Lakini haizimiki. Yetu sisi stima ikipotea, tumepotea."

Peres alimfuata Maxwell upya, kisha akawafuata wote, asije mmoja akakosa wa kumsikia.

Alienda ofisi moja ya ukaguzi wa majengo mjini, akampa karani simu. Karani alisoma kwa makini. Alisema malalamiko yameeleweka, ila mlalamishi aje mwenyewe na kitambulisho.

"Yuko chini ya nguzo," Peres alisema.

"Akitoka, aje. Tunafungua saa mbili."

Kisha karani aliomba jina kamili la Maxwell na la nyumba yake, akaanza kumfuata. Alikuwa anajenga Kitengela na mambo ya simiti yalimpendeza.

Langoni kwa mjengo, nyapara alimsikiliza Peres akiwa amevua kofia. Alisema kumtoa Maxwell kungeharibu msingi, na msingi umeshapita ukaguzi. Siaya nako wazee walisema mtu anayeongea kila siku hawawezi kumchimbia kaburi.

Jengo likapanda. Likapakwa rangi ya chai ya maziwa, likajaa wapangaji. Nao, wakitafuta habari za mtaa wao, walimpata Maxwell wakamfuata. Asubuhi walimwamkia kabla ya kupeleka watoto shule.

"Maxwell, huko chini kukoje?"

"Leo simiti inashika."

Wakati mmoja aliandika kwamba nguzo ya upande wa maegesho imelia kidogo. Wapangaji wa upande huo walisogeza vitanda upande mwingine. Hakuna aliyehama, maana nyumba karibu na barabara ya Ngong kwa kodi ile haipatikani. Mwenye jengo alianza lingine barabara iliyofuata, na asubuhi vibarua walisimama langoni wakinyooshewa vidole.

Jumapili, baada ya kanisa, Peres alishuka Adams akatembea mpaka kwenye jengo. Bawabu alimfungulia bila kumuuliza, kwa kuwa naye alikuwa akimfuata Maxwell. Peres alisimama kwenye maegesho, kando ya nguzo, akatoa simu.

"Niko hapa Adams," aliandika.

"Adams wapi?" Maxwell aliuliza.

Gari la mpangaji lilikuwa linarudi nyuma kuegesha mahali pake. Peres alisogea likapita, akarudi aliposimama, akaandika:

"Hapa tu."