Muda Wote

Kaka aliondoka akaacha kompyuta inawaka.

Asubuhi hiyo alitoka nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza alifika kwenye kona ya duka la vioo akarudi anahema, amesahau geji zake za kupimia gesi, na fundi wa majokofu asiye na geji ni mpita njia tu. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Na kichwa je, unacho?" akamuuliza. "Kishike vizuri, kisije kikabaki mezani nacho."

"Kichwa nimekuachia wewe, mama. Nikirudi utanipa."

Akamvuta kitambaa cha kichwani kikamwangukia machoni, akatoka mbio huku mama akimrushia maneno na kuuokoa ungo usimwagike. Tulimsikia anapiga mluzi mpaka kwenye kona. Kisha kelele za barabara zikaumeza ule mluzi.

"Limashine lake linakula umeme bure," mama akaniambia akiwa bado anajifunga kitambaa. "Kazime."

Nikasema nitazima. Nilikuwa nachelewa kazini, kwa hiyo liliwaka kutwa nzima, kama mtu aliyeambiwa angoje.

Alikuwa amekwenda mji mwingine kutengeneza chumba cha baridi cha muuza maua. Jioni alinitumia ujumbe kwamba ameshuka kituoni anasubiri gari la kuunganisha, na kwamba chai ya hapo ina ladha ya sufuria. Huo ndio ujumbe wa mwisho. Mwenye maua alisubiri, akapiga simu, akaishia kumwita fundi mwingine. Simu ya kaka ilikuwa haipatikani. Tulikwenda kituoni, tukaenda hospitali, mimi na baba tukaingia mahali ambapo mashuka hufunuliwa upande wa uso, tukatoka bila jibu na bila nguvu ya kushukuru. Mwisho wake ni ofisi ya watu waliopotea, ambako tulipewa namba na anwani ya ukurasa wa mtandao. Mtu wetu atakapopatikana, wakasema, tutaona hapo.

Ukurasa ulikuwa na jina lake, picha yake ya kitambulisho aliyoichukia, na chini yake neno moja la rangi ya kijivu: *Inashughulikiwa*.

Habari ya herufi niliigundua kwa bahati. Nilikuwa nataka kutafuta namba ya kituo cha magari kwenye kompyuta ya kaka, nikabonyeza k kwenye ule mstari wa juu wa kuandikia, na kabla sijaendelea mashine ikanishushia maneno ya kaka, mambo aliyowahi kuyatafuta yanayoanza na herufi hiyo. *Kelele za jokofu baada ya umeme kurudi. Kiatu cha ngozi kikilowa. Kuondoa harufu ya gesi kwenye nguo.* Niliyasoma kwa sauti bila kukusudia. Mama aliyekuwa akifagia nyuma yangu akasimamisha ufagio.

"Soma tena," akasema. "Polepole, kama anavyosema yeye."

Mwanzoni tulikuwa tunapekua. Tulipita herufi zote tukitafuta jambo alilotuficha: mwanamke, safari nyingine, ugonjwa, kazi ya ng'ambo. Ingekuwa nafuu kwetu. Mtu mwenye siri ana mahali alipokwenda. Lakini kaka hakuwa na siri hata ya kuazima. Alikuwa na majokofu, viatu, matokeo ya mpira, na *jinsi ya kupika wali usishike chini*, yeye aliyetuapia kuwa wali hakufundishwa na mtu. Tukaacha kupekua, tukabaki kusikiliza.

Ikawa ndiyo jioni yetu. Vyombo vikishaoshwa, mama anavuta stuli, anafuta kioo kwa kitambaa kikavu, ananiambia, "Haya, mwite."

"Herufi gani?"

"M."

"*Mama hasikii vizuri sikio la kushoto dawa*," nikasoma.

"Nani hasikii?" Mama aling'aka kana kwamba kaka amekaa ng'ambo ya meza. "Mwambie nasikia! Ni ninyi mnaoongea kama mmejaza viazi mdomoni. Hebu b."

"*Baba akikoroma sana ni ugonjwa*."

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, ametupa mgongo, anajifanya anasikiliza redio ambayo alikuwa ameipunguza sauti mpaka ikawa inanong'ona. Akakohoa.

"Mimi sikoromi," akasema. Ndiyo mara pekee aliyomjibu.

Mama akacheka mpaka akajifuta macho, na alipomaliza kucheka aliendelea kujifuta.

Herufi n niliipenda nikiwa peke yangu. *Nafasi chuo cha uuguzi kidato cha nne. Nafasi chuo cha uuguzi masomo ya jioni.* Mimi napiga pasi kwenye duka la dobi la mtaa wa juu. Kaka hakuwahi kuniambia kwamba ananitafutia.

Tulikuwa na masharti yetu. Herufi chache tu kwa jioni, ili asichoke, kama mama alivyosema. Neno lake halibofywi likafunguka. Linasomwa, kisha linaachwa lilale. Hakuna kutafuta mambo yetu humo ndani yakajichanganya na yake. Mwenye shida atumie simu. Ukurasa wa ofisi peke yake ndio ulioruhusiwa, kwa sababu nao ulikuwa wake.

Sasa lazima nimweleze baba, maana bila kumjua mtu anaweza kumlaumu.

Baba alistaafu reli. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye kibanda cha kuongozea treni, yeye, simu ya ukutani na nyenzo za chuma zinazogeuza njia. Amri ilikuja kwa simu. Baba alitakiwa airudie neno kwa neno, asubiri aambiwe ndiyo, avute wenzo, kisha aseme amevuta. Hakutakiwa kuongeza lake, wala kuuliza kwa nini treni hii ipite huku na ile isimame. Alituambia tukiwa wadogo kwamba mtu anayefikiri katikati ya amri anaweza kuua behewa zima. Hata nyumbani, mama akimtuma sukari na kiberiti, alisimama mlangoni akasema, "Nimepokea. Sukari, kiberiti," nasi tukaanguka kwa vicheko. Kaka ndiye aliyekuwa bingwa wa kumwigiza. Baba alipostaafu, ile sauti aliiacha kibandani. Na kaka alipopotea, hata iliyobaki ilipungua.

Kompyuta hakuigusa kamwe. Lakini kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, alinitaka nimfungulie ukurasa wa ofisi. Anainama, anasoma lile neno la kijivu, anarudi kwenye kiti. Mvua zilikuja zikaisha na neno likabaki lile lile. Hatimaye akapiga simu ofisini. Nilikuwa kazini, haya ya mwanzo nilisimuliwa na mama.

Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuchoka, mpole. "Mzee," akamwambia, "inawezekana unaona ukurasa wa zamani. Mashine huutunza ule wa mwanzo, ikawa inakurudishia huo huo kila siku. Huku kwetu taarifa zinabadilishwa. Ukifuta data za kivinjari, hicho unachofungulia ukurasa, utaona mpya."

"Kwa hiyo mpya inaweza kuwepo?"

"Inawezekana, mzee. Nikuelekeze?"

Mama anasema baba aliweka simu mezani, akaifungua spika, akavaa miwani, akafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni. Ndipo akakaa mbele ya kompyuta.

Siku hiyo maji yalikatika dobini tukaruhusiwa mapema. Nilifika mlangoni, nikainama kuvua viatu, nikaisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu.

"Kuna mahali pameandikwa muda," mwanamke alikuwa anasema.

"Nimepokea. Mahali pa muda."

"Chagua muda wote."

"Muda wote. Nimechagua muda wote."

"Chini yake kuna visanduku. Vyote viwe na alama ya vema."

"Visanduku vyote, alama ya vema. Vipo."

Nilisimama na kiatu kimoja mkononi, natabasamu. Mgongo wa baba ulikuwa umenyooka. Mama amesimama nyuma yake, ameshika kiti kwa mikono miwili kama abiria. Nyumba ilikuwa na mtu mwenye kazi ndani yake, na sikutaka kuikatiza kwa hodi. Maneno yenyewe yalinifikia akilini yakiwa yamechelewa.

"Sasa bonyeza futa."

"Futa," baba akasema, na kidole chake kikashuka. "Nimefuta."

Alielekezwa kuandika anwani upya, akaiandika herufi kwa herufi. Kioo kikawa cheupe. Mama aliegemea mbele mpaka kidevu chake kikagusa bega la baba. Jina likaja, picha ya kitambulisho ikaja, na chini yake, taratibu, rangi ya kijivu.

"Unaona nini, mzee?"

"Inashughulikiwa."

"Basi ndiyo hiyo hiyo. Tuendelee kuvuta subira." Simu ikakatika.

Baba alibaki ameitazama simu. Mama ndiye aliyegeuka akaniona. "Umerudi? Baba yako ameiendesha mwenyewe, ungemwona! Haidhuru, walau tumejua si ya zamani." Alikuwa tayari anavuta stuli. "Njoo basi, leo tumwite mapema. M."

Sikutaka kukaa. Nilikaa. Nikabonyeza m, na ile m ikabaki peke yake kwenye mstari mweupe, kijistari kinapepesa kando yake. Nikaifuta, nikabonyeza k. Nikabonyeza b. N niliibonyeza mwenyewe bila kuambiwa.

"Amechelewa leo," mama akasema.

"Kimefutika nini?" Baba hakumuuliza mama. Aliniuliza mimi.

"Maneno ya kaka, baba. Yalikuwa kwenye kisanduku cha kwanza. Kwa ajili ya ukurasa ingetosha kufuta kile cha chini."

"Yule mwanamke hakusema."

"Hakujua kama yapo."

Baba akavua miwani, akaivaa tena. "Yanarudishwaje?"

Nikaifuta ile n. "Hayarudi."

Akanyoosha mgongo kwenye kiti, mikono juu ya magoti.

"Nimepokea," akasema. "Hayarudi."

Mama hakumlaumu, wakati ule wala baadaye. Alikifuta kioo kwa kitambaa kikavu, pembe mpaka pembe, akakunja kitambaa. "Mpe baba yako chai," akaniambia.

Niliibeba mashine nikampelekea fundi wa kompyuta. Akaipekua, akasema kama zingekuwa picha angejaribu, lakini vitu vya namna hiyo hakuna mtu anayevifuatilia. Basi nikajaribu mwenyewe. Nilikaa nikaandika kwenye ule mstari yote niliyoyakumbuka, moja baada ya jingine, mpaka mashine ikayashika. Jioni nikamwita mama, nikabonyeza b, na yakashuka kama zamani. *Baba akikoroma sana ni ugonjwa*. Niliyasoma polepole, kama kaka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Huyo ni wewe," akasema, akairudisha stuli jikoni.

Mengine yamenitoka. Naandika yaliyobaki: gesi, kiatu, wali, sikio la kushoto. Kulikuwa na jambo la kuchekesha kwenye herufi s ambalo mama alilipenda kuliko yote, kuhusu sabuni, au soksi. Nimemuuliza mama. Anasema ilikuwa s, hilo ana hakika.

Siku hizi baba hanihitaji asubuhi. Anafunga vifungo vya shati, anavaa miwani, anakaa mezani. Kwanza anafuta, kama alivyoelekezwa: muda wote, visanduku vyote, asije akaletewa ya zamani na mpya ipo. Hata yale niliyoyaandika mimi alishayafuta, sikumwambia. Halafu anaandika anwani ya ofisi, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja, kwa sababu mashine haina inachokumbuka. Ukurasa unafunguka haraka sana. Anausoma kwa sauti ili mama asikie jikoni, na mama anaitikia kwamba amesikia.

Inashughulikiwa.